Somo Aliloruka Rahabu

Siku ya mnada mji wa Tarime hujaa hadi mtu anakosa pa kuweka mguu, na siku hiyo steshonari ya karibu na soko ilijaa kuliko soko lenyewe. Rahabu Mogesi, mkutubi wa maktaba ya halmashauri, alikuwa amebanwa kwenye kaunta akisubiri kuungiwa bando, maana mtandao wa kazini ulikuwa umekatika tena. Alivaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa vizuri kweli, ila uso aliukunja. Kando yake kijana mrefu mwenye sare ya kaki ya kambi ya watalii alimsogezea picha mbili za pasipoti.

"Dada, nisaidie kuchagua. Ipi naonekana mtu wa kuaminika?"

Rahabu alizitazama kwa makini. "Hakuna."

Duka zima likacheka, na kijana akacheka kuliko wote. "Basi itabidi unifundishe. Nikufuate wapi?"

"Maktaba. Lakini kule watu wananyamaza."

"Hapo umeniweza. Naitwa Joram, natoka Natta, natembeza wageni. Kunyamaza ndiyo kazi iliyonishinda."

Ilikuwa imemshinda kweli. Kila alipopata mapumziko alipanda pikipiki kutoka Natta akaja kukaa kwenye baraza ya maktaba, na siku asizokuja alipiga simu. "Umekula, mama vitabu?" angeuliza. "Nimekula, wewe domokaya," angejibiwa. Haukupita muda mrefu akajulikana hadi Nyarero, kwa Mzee Mogesi baba yake Rahabu, na mzee akataja ng'ombe wa mahari anaowataka. Mshahara wa kambini ndio uliokuwa ukiwanunua, mmoja mmoja, na Joram alikuwa akimtumia Rahabu picha ya kila ndama kama mtu anayetuma picha za watoto wake.

Wakati huohuo Rahabu alikuwa amejiandikisha kwenye mafunzo ya wakutubi ya mtandaoni, yale ya kujisomea kila mtu kwa mwendo wake. Leo blogu, kesho picha, keshokutwa sauti. Hakuna darasa, hakuna mwalimu wa kukuuliza mbona umechelewa. Aliyapenda mno. Masomo mengine yalikuja kwa maandishi, mengine kwa video, na video, kama ujuavyo, hula bando bila huruma. Basi akawa anasoma maandishi na kuziruka video. Tusimcheke, nani kati yetu hafanyi hivyo?

Somo la sauti lilimtaka amrekodi mtu akizungumza kawaida, bila kujibana. Rahabu akaona akimwambia Joram atajibana tu. Mchana mmoja, wakila mahindi ya kuchoma barazani, akaiwasha simu na kuiweka chini ya mtandio.

"Hebu nisimulie tena habari ya lile jiwe."

"Lile la bibi harusi?" Joram akaangua kicheko kabla ya kuanza. "Siku hiyo simba wamegoma kuonekana, wageni wamenuna, nami tangu asubuhi sijatia kitu tumboni. Nikaona jiwe lina bonde katikati. Nikawaambia, hapa alikaa bibi harusi wa zamani akilia hadi jiwe likabonyea. Wakalia na wao! Leo kambi imeweka kibao pale, watu wanalipia kwenda kuliona. Bibi harusi mwenyewe nilimtunga kwa njaa!"

Rahabu aliipakia sauti ile jioni ileile. Maandishi ya somo yalisema usisahau maneno yatakayowasaidia watu kuitafuta, naye, mwanafunzi mwema, akaandika yote: Joram, Natta, jiwe la bibi harusi. Jina lake mwenyewe hakuweka, alitumia lile la mafunzo, Msomaji wa Mara. Moyoni aliamini ni daftari la mazoezi, kwamba haliendi kokote. Alipanga kumshtua Joram kwa kumsikilizisha, kisha akasahau.

Simu iliingia akipanga magazeti.

"Rahabu, wamenifukuza kazi."

"Nini? Umefanya nini?"

"Sauti yangu iko mtandaoni. Mgeni katafuta habari za lile jiwe, akaletewa mimi nikicheka. Meneja kaniita mwongo mbele ya wafanyakazi wote."

"Nani... nani kaiweka?"

"Rafiki yangu Thadeo. Siri hiyo nilimwambia yeye na wewe tu, na wewe si mtu wa hivyo. Nimeshamtia ngumi."

Hapo ndipo ilipomlazimu kusema. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni "Pole, mpenzi," kisha akajichukia.

Bando liishe lisiishe, aliifungua ile video ya somo la sauti aliyoiruka. Ilikuwa fupi, na kichwa chake kiliandikwa *Nani Anaona?* Mama mmoja mwenye sauti ya upole alieleza kwamba kila unachopakia kinaonekana na dunia nzima mpaka ukifunge mwenyewe, na kwamba kabla ya kupakia sauti ya mtu umwombe ruhusa. Rahabu akaifunga rekodi ile huku machozi yakimlowesha kidevu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Joram alizidi kupiga simu. "Thadeo amelia, Rahabu. Mwanamume mzima! Anaapa si yeye. Jumamosi namleta kwa mama, akapinge mbele yake."

Akikaa kimya atabaki na Joram, na Thadeo atabaki msaliti maisha yake yote. Akisema, ataachwa. Alipima na kupima, na kila alipopima aliona uso wa Thadeo, mtu aliyemwona mara moja tu. Jambo hilo halikuwa la simu. Jumamosi alivaa sketi nyeusi isiyo na urembo, akapanda bodaboda hadi Natta, akafika vumbi limemjaa nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Thadeo alikuwa kwenye kigoda, jicho moja limevimba. Joram akainuka akitabasamu. "Umekuja kunisaidia?"

"Si Thadeo," alisema Rahabu. "Ni mimi. Nilikurekodi kwa ajili ya masomo yangu, sikukwambia. Sikujua kama watu wangesikia."

Tabasamu likafa. "Nilipokupigia simu ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukaniambia pole."

"Niliogopa kukupoteza."

"Kazi ningekusamehe, Rahabu. Lakini umeniacha nimchukie rafiki yangu." Aliwasha pikipiki akaondoka, na mama yake akabaki anatazama chini.

Thadeo ndiye aliyemsindikiza hadi barabarani. "Umechelewa, shemeji," alimwambia, "lakini umefika." Neno shemeji likamliza njia nzima.

Baada ya hapo simu zake hazikupokewa. Alikonda. Masomo aliyaendeleza kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika, na sasa kila video aliitazama mpaka mwisho.

Mvua zilipoanza, wasomaji wakiwa wamejikunyata na magazeti yao, mlango ukafunguka. Joram hakuwa na sare. Shati lilikuwa limepauka, viatu vina matope, na mikono ilikuwa ya mtu anayefyatua matofali.

"Thadeo anakusalimia," alinong'ona.

"Mmepatana?"

"Alinisamehe siku ileile. Nikaona aibu, mimi niliyeshindwa kukusamehe." Akavuta kiti. "Simu yako bado inarekodi?"

"Joram, sitaki tena..."

"Washa. Leo najua inawaka."

Akaiwasha, akaiweka mezani waziwazi. Joram akakohoa.

"Mimi Joram wa Natta. Kazi sina, ng'ombe hawajatosha, na hasira bado ninayo kidogo. Namtaka Rahabu Mogesi awe mke wangu. Hii sikuitunga kwa njaa."

Mzee mmoja akashusha gazeti akawatazama. Rahabu akaizima rekodi. Alilia, akacheka, akalia tena. Kisha akafungua ukurasa wa kupakia sauti na kushuka polepole hadi sehemu aliyoiruka siku ile, ya kuchagua nani anaona.

"Nani asikie?" aliuliza.

Joram alifikiri.

"Baba yako. Wengine watasikia ng'ombe wakiingia Nyarero."