Nyumba Aliyoikandika Scolastica

"Pale ubaoni pameandikwa nini?" Scolastica aliuliza, udongo na samadi vimemjaa mpaka viwikoni.

Didas akacheka. "Jina letu, mke wangu mtarajiwa. Kandika, acha maswali."

Naye akakandika! Jamani, mapenzi haya! Wiki tatu nzima, kwenye baridi ya Mbulu, binti wa watu kutoka Dirma anakandika kuta za nyumba aliyoamini ni yake. Kwao nyumba ya ndoa hukandikwa na mke mwenyewe, na moto wa kwanza huuwasha yeye. Didas, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huko, alilijua hilo. Alikuwa ameliandika kwenye daftari lake.

Hata nguzo ya katikati ilitoka kwa baba wa binti, mzee Gidamis. Mwaka ule wa 1974 walihamishiwa kijiji cha Ujamaa, boma lao likabomolewa. Ilibaki nguzo hiyo tu.

"Shikamoo, mzee. Nipe nguzo hii nimjengee binti yako," Didas alimwambia.

"Marahaba. Chukua. Mimi sina nyumba tena, ila mwanangu atakuwa nayo."

Siku ya kumaliza, Scolastica akawasha moto. Nje magari yakasimama. Didas akaingia mbio.

"Scola, vaa ile sketi ya ngozi ya mama yako. Kaa kwenye jiwe la kusagia, usage. Wageni wanakuja."

"Wageni wa harusi?"

"Vaa kwanza!"

Wakaingia wameinama, mgeni rasmi mbele. Nyuma yake mwanamke aliyevaa kitenge akamfuta Didas vumbi begani.

"Ndugu Didas, makumbusho yamependeza!" mgeni rasmi akasema. "Na huyu mama?"

"Mke wangu, Justina. Amefika jana kutoka Moshi."

Jiwe la kusagia likasimama.

"Na huyu anayesaga?"

"Huyo ndiye mke wa nyumba hii," Didas akajibu, anatabasamu.

Miezi yote binti alisubiri aitwe mke. Ndiyo siku aliyoitwa.

Scolastica akainuka, akamgeukia mgeni rasmi.

"Shikamoo, baba. Mume wangu ni huyu. Alichukua nguzo ya baba yangu akasema ananioa. Nyumba hii nimeikandika mwenyewe!"

Mgeni rasmi akaangua kicheko.

"Safi sana! Mmemfundisha vizuri!"

Makofi yakalia. Justina peke yake hakupiga. Alimkazia macho mumewe, akatoka.

Wageni walipoondoka, Didas akarudi mlangoni.

"Kesho saa mbili uwe umekaa hapo hapo."

"Narudi kwetu."

"Kwenu wapi, Scola? Kuna nyumba?"

Mshenzi yule! Scolastica akalia mpaka sauti ikakauka. Asubuhi akakaa kwenye jiwe.

Wiki iliyofuata mzee Gidamis akafika getini, kibuyu cha maziwa mkononi, anacheka peke yake kwa furaha.

"Nimekuja kwa mwanangu. Ameolewa hapa," akamwambia mlinzi.

Mlinzi akanyoosha mkono.

"Tiketi, mzee."