Ghorofa ya Pili

Tierney ni binti wa jirani yetu hapa Toledo, Ohio. Nimemjua tangu hajajua kufunga kamba za viatu, na hata alipokuwa mtoto hakuwa mtu wa kutunga mambo. Ukimuuliza nani kavunja dirisha alikuwa anasema ni mimi, halafu anasimama hapo kungoja adhabu. Kisa hiki alinisimulia mara moja tu, jikoni kwangu, na tangu siku hiyo hataki kukisikia. Nakitoa kama nilivyokipokea, sikukitia chumvi.

Walifika Budapest mchana, mwanzoni mwa Septemba, jua likiwa bado kali. Walikuwa wawili, Tierney na rafiki yake wa chuo, Joelle Akers. Safari yenyewe, ya kwenda kusoma muhula mmoja huko, ilikuwa wazo la Tierney. Joelle hakuwa na hamu nayo hata kidogo. Alikuwa mtoto pekee wa mama mjane, mtu wa kukaa nyumbani, wa kumpigia mama yake simu kila siku kumweleza amekula nini. Tierney alimganda majira yote ya baridi, akimwambia utazeeka hapa Ohio hujaona kitu, mpaka mwenzake akachoka kukataa. Siku ya kuondoka, Bi Akers alimvuta Tierney pembeni kwenye uwanja wa ndege na kumshika mkono kwa nguvu.

"Wewe ndiye mwenye kichwa," alimwambia. "Mtoto wangu nimekukabidhi. Unirudishie."

Tierney alicheka, akasema atamrudisha amenenepa.

Walikuwa wamepangiwa kukaa kwa mama mmoja mtu mzima ambaye huwapokea wanafunzi wa kigeni. Aliitwa Rozália, ila kule kila mwanamke aliyekula chumvi nyingi huitwa shangazi, kwa hiyo kwenye ujumbe wake alijitambulisha kama Shangazi Rozi. Sura yake hawakuwahi kuiona. Alikuwa amewaandikia maneno machache tu: ghorofa ya pili, mlango wa kushoto, nitakuwapo.

Jengo lilikuwa la zamani, lenye ua katikati na korido za nje zinazouzunguka kila ghorofa. Lifti ilitaka ufunguo nao hawakuwa nao.

"Haya mabegi umetia mawe?" Joelle alilalamika.

"La kwako ndilo lenye mawe. Nani anabeba makopo ya siagi ya karanga kuvuka bahari?"

"Mtu mwenye akili zake. Tunapanda mpaka wapi?"

Tierney alitazama simu, akatazama ngazi. "Ghorofa ya pili. Hapa chini tulipo ndiyo ya kwanza, kama kwetu Ohio. Kwa hiyo ni hii inayofuata tu."

"Afadhali," akasema Joelle, akashika begi lake.

Mlango wa kushoto ulikuwa wazi. Bibi kizee mwembamba, mwenye aproni ya bluu, alikuwa amesimama kizingitini, mikono ameikunja tumboni. Alimtazama Tierney mara moja tu. Halafu akamtazama Joelle, akamtazama tena, macho yakajaa machozi.

"Panni," akasema.

"Naam, mama," akaitika Joelle, akitabasamu kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Tierney alimpiga kiwiko. "Anakuita nani?"

"Najua basi? Labda ndiyo karibu yao. Usimuumbue bibi wa watu."

Bibi hakujua lugha yao hata neno moja. Aliwaonyesha kwa mkono wavue viatu, akaleta sapatu za kitambaa chekundu. Ilikuwa jozi moja tu. Aliinama mwenyewe, akamvisha Joelle, na zikamkaa sawasawa. Tierney akaingia na soksi.

Ndani kulikuwa na ubaridi. Mapazia yalikuwa yamefungwa, na nyumba ilinukia supu na dawa ya kufukuza nondo. Mezani palikuwa na supu ya kuku yenye tambi, na keki ya kukunja yenye mbegu nyeusi. Tierney tumbo lilikuwa limechafuka tangu kwenye ndege, akasukuma bakuli lake. Joelle alikula. Alikula akaongezwa, akamalizia na keki. Bibi alikaa mbele yake bila kugusa kitu, na kila Joelle alipomeza, koo la bibi nalo lilimeza.

Joelle alipelekwa chumbani, kwenye kitanda kilichotandikwa shuka zilizopigwa pasi. Tierney alionyeshwa kochi la ukumbini, karibu na mlango. Unajua tena uchovu wa safari ndefu. Saa za nyumbani zilimwambia ni alfajiri, akalala hivyo hivyo na nguo zake, jua likiwa juu.

Simu ndiyo iliyomwamsha.

"Mwanangu, mko wapi?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiingereza chake kizito lakini kizuri. "Ni Rozi hapa. Nimewasubiri mpaka chakula kimepoa."

Tierney alijifuta macho. "Shangazi, tuko kwako. Tumeshakula."

"Kwangu niko peke yangu."

"Tuko ghorofa ya pili. Mlango wa kushoto. Umetupokea mwenyewe."



"Mlipanda ngazi ngapi? Mlipanda mara moja au mara mbili?"

"Mara moja. Chini ndiyo ya kwanza, halafu..."

"Mwanangu," Rozi alisema, na sauti ilikuwa imeshuka, "kwetu chini ni chini. Haihesabiwi. Hapo mlipo ni ghorofa ya kwanza, na hapo hakai mtu."

Tierney akaangalia mapazia. Akaangalia mezani. Bakuli lake la supu lilikuwa limeondolewa.

"Kuna bibi," alinong'ona.

"Najua. Kuna aliyekula?"

"Joelle."

"Ameitwa jina?"

"Panni. Akaitika."

Alisikia Rozi akivuta pumzi. "Nisikilize. Usiage. Usivae viatu. Mwite mwenzako kwa jina lake, jina lake halisi, na atakayeitika ndiye utoke naye. Umenielewa? Atakayeitika."

Simu ikakatika.

Tierney alisimama. Sakafu ilikuwa baridi mpaka kwenye mifupa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Bibi alikuwa amesimama nyuma ya kiti, anasuka nywele za msichana aliyeketi, mgongo ameuelekeza ukumbini. Alikuwa na nywele za Joelle. Alikuwa na blauzi ya Joelle na sapatu nyekundu. Walikuwa wakiongea polepole, wote wawili, kwa lugha ya kule. Joelle hakuijua lugha hiyo hata salamu.

"Joelle," Tierney aliita.

Msichana wa jikoni hakugeuka.

Sauti ilitoka chumbani, upande wa pili, ndani kabisa. Sauti ya mtu aliyetoka usingizini. "Nini wewe? Subiri basi, natafuta viatu."

Hapo ndipo bibi alipoacha kusuka. Akainua kichwa, akamtazama Tierney. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamsihi. Akamshika yule msichana begani, akamsimamisha, akamsukuma taratibu kuelekea ukumbini.

Msichana akaja. Alikuwa na uso wa Joelle. Alinyoosha mkono.

Chumba kilikuwa mbali, mwisho wa korido yenye giza. Mlango wa kutokea ulikuwa hapo hapo. Tierney aliniambia kwamba miguu ilikataa. Alijaribu kwenda chumbani, ikakataa. Akaushika ule mkono uliokuwa karibu. Ulikuwa mkono wa joto, mkono wa mtu. Akatoka nao.

Walipanda ngazi wakikimbia. Rozi alikuwa amesimama mlangoni kwake, mama mnene mwenye nywele nyeupe fupi. Alimwona Tierney. Kisha akamwona aliyefuata nyuma, akaziona zile sapatu nyekundu, akauegemea ukuta.

Msichana alimsalimia kwa lugha ya kule. Akamuuliza kitu, kwa upole, kichwa ameinamisha kidogo. Rozi aliinua mkono wa kulia. Alifanya ishara ya msalaba.

"Amesemaje?" Tierney aliuliza.

"Ameniuliza kwa nini nimezeeka."

Walimwacha ameketi jikoni huko juu, wakashuka wawili. Rozi alisema njiani, kwa maneno mafupi, kwamba Panni alikuwa rafiki yake wa utotoni. Aliugua kifua. Miaka miwili hakutoka nje, alikuwa anatazama ua kupitia dirishani, na alikufa akiwa na miaka ishirini bila kuona hata mji wa pili. Mama yake aliishi muda mrefu baadaye, na mpaka anazikwa alikuwa na neno moja tu, kwamba binti yangu atatoka humu ndani.

Mlango wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa mnyororo. Kufuli lilikuwa na kutu nyekundu, na buibui walikuwa wameshatandaza nyumba yao toka komeo mpaka fremu.

Tierney aliupiga kwa viganja. "Joelle!"

"Niko hapa," sauti ilijibu, karibu kabisa, nyuma ya mbao. "Nimeshavaa. Nifungulie."

"Vuta! Vuta kwa huko ndani!"

"Nivute nini?" Joelle alisema. Bado hakuwa ameogopa, alikuwa amekereka tu, kama mtu aliyefanyiwa mzaha. "Upande huku hakuna mlango."

Tierney akalia. Rozi alikuwa amemshika mabega.

"Tierney, acha utoto. Ni ukuta mtupu huku." Kisha sauti ikasogea mbali kidogo. "Bibi ananiita. Nitamwambia atufungulie. Usiondoke."

Baada ya hapo hawakusikia tena kitu.

Msimamizi wa jengo alikuja na mkasi wa chuma, akakata mnyororo, jua likiwa bado linawaka uani. Nyumba ilikuwa tupu. Hakukuwa na meza wala kochi wala kitanda, mbao za sakafu zilikuwa zimeng'olewa, na njiwa walikuwa wameingia kwenye dirisha lililovunjika wakachafua kila mahali. Mabegi yao mawili yalikuwa yamesimama katikati ya vumbi. Tierney alizunguka kila chumba akiita jina mpaka sauti ikakauka. Msimamizi aliuliza anatafutwa nani. Rozi akamjibu kwamba ni paka.

Na kweli, angesema nini? Polisi wangeambiwa kwamba Joelle Akers amepotea, na Joelle Akers huyo yuko juu anakunywa chai, ana uso ule ule, na pasipoti iko mfukoni mwake. Tierney aliliwaza hilo usiku kucha na hakupata pa kutokea.

Siku zilizofuata yule msichana alijifunza Kiingereza. Asubuhi alijua salamu tu. Jioni alikuwa anaomba chumvi. Kabla wiki haijaisha alikuwa anaongea kama mtu wa Ohio, anacheka kicheko cha Joelle, anakula siagi ya karanga kwa kijiko. Akampigia simu Bi Akers, akamweleza amekula nini. Tierney alikaa kitandani upande wa pili, anasikiliza.

Kila siku alishuka kugonga ule mlango. Alikaa sakafuni, akaongea na mbao, akaomba msamaha. Hakujibiwa hata mara moja. Mwishowe Rozi ndiye aliyemwambia aende kwao.

"Nikamwambie nini mama yake?" Tierney aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Ila huyu hutaweza kumrudisha ndani. Mimi nimemwomba kwa magoti. Aliniambia yeye ameshakaa humo vya kutosha."

Walirudi kabla masomo hayajaanza vizuri. Watu walisema mabinti wameshindwa na ugeni, hayo hutokea. Uwanjani Bi Akers alimkumbatia binti yake akalia, na binti akamkumbatia kwa nguvu, macho wazi, akitazama juu ya bega la mama watu wote wanaopita, taa, milango ya vioo inayofunguka yenyewe. Tierney alisema alikuwa anaangalia kila kitu kama mtu mwenye njaa.

Hiyo ni miezi mingi sasa. Tierney hajarudi chuoni. Muda mfupi kabla hajaja jikoni kwangu, Bi Akers alimpigia simu.

"Tierney, mwanangu, nina kaswali. Mlipokuwa kule, Joelle alitengeneza jino?"

"Jino gani?" Tierney aliuliza.

"Nimempeleka kwa daktari leo. Jino la nyuma limevikwa chuma, mimi sijawahi kuliona. Daktari amestaajabu kweli. Anasema kazi ya namna hiyo alimwona nayo bibi yake yeye daktari tu, siku hizi haifanywi popote. Na chuma chenyewe kimelika kwa kutafunia." Bi Akers alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba aambiwe si kitu. "Nimemuuliza mwenyewe, ananitazama tu. Sasa nimesema nikuulize wewe, maana wewe ndiye niliyekukabidhi, na wewe ndiye uliyenirudishia."

Tierney alikuwa amesimama dirishani. Alisema maneno yote yalimjaa mdomoni wakati ule, tangu ngazi mpaka ukuta usio na mlango. Akafikiria mama huyu, peke yake katika nyumba ile na anayekaa naye.

"Ndiyo, Bi Akers," akasema. "Alilitengeneza kule."

Bi Akers akashusha pumzi, akasema alijua tu, akamshukuru sana.