Mlango wa Mtungi

Kilianza kitu kidogo, cha kuchekwa. Nyumba nzima hakuna kilichokubali kufungika. Ukifunika sufuria, ukigeuka tu unakuta kifuniko kimesogea upana wa kidole. Kabati la nguo, kiberiti, kopo la chumvi, vyote wazi, upana wa kidole, si zaidi.

"Panya wa humu wamesoma," alisema mama mkwe, akirudishia kifuniko cha maharage. "Wanafungua, wanachungulia, wanakuta hakuna nyama, wanaondoka na adabu zao."

Mkwewe alicheka. Alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto wa miezi mitano, na kazi yake ilikuwa kutengeneza vyombo vya kale katika karakana ya makumbusho. Watu walimwita Fundi, hata mumewe, ambaye wiki hiyo alikuwa safarini na lori. Alimpenda mama mkwe kwa jambo moja ambalo hakuwahi kumtamkia: kila alfajiri mama yule alijifanya amekosa usingizi, apate kisingizio cha kumbeba mtoto ili Fundi alale kidogo.

Siku ya tatu ikaja harufu. Udongo mbichi uliolowa, na nyuma yake moshi wa tanuri. Ilihama chumba hadi chumba kama mgeni anayetafuta kiti. Ilipotua mahali, ilisikika sauti ndogo ya kukwaruza, kama ukucha unaozungushwa kwenye mdomo wa kikombe.

Mchana wa siku ya nne Fundi alikuwa anamwogesha mtoto, jua limejaa dirishani, maji ya uvuguvugu, hakuna cha kuogopesha. Akaona utosi wa mtoto, pale pororo juu ya kichwa ambapo mfupa haujaungana, unabonyea taratibu kama unaobonyezwa na ncha ya kidole, ukainuka, ukabonyea tena, na mtoto hakulia wala hakutikisika ila alikodoa macho kama mtu anayesikiliza hodi mlangoni kwake, na Fundi alipoinama kumbusu pale pale, harufu ya udongo ikampiga usoni, ya moto, yenye unyevu, kama pumzi itokayo kinywani mwa mtu mzima.

Asubuhi iliyofuata alimwachia mama mkwe mtoto, akamshika mkono Kufuli kwenye korido ya karakana. Kufuli alikuwa mtunza stoo, mzee mwenye funguo nyingi kiunoni na maneno mengi zaidi. Yeye ndiye aliyemhamishia Fundi meza dirishani alipokuwa mjamzito, akasingizia kwamba meza ile inamuumiza mgongo.

"Mzee wangu, kuna kitu kimenifuata nyumbani. Usinicheke."

Kufuli hakucheka. Alinusa bega la nguo yake, akarudi nyuma hatua moja. "Umegusa nini humu?"

Alikuwa amegusa mtungi. Makumbusho yalikuwa yanaandaa maonyesho ya alama za duara kutoka kwa watu mbalimbali: bangili, mafundo, jua la kuchongwa, nyoka wanaouma mikia yao, ambao kwa watu wengi ni alama ya kisicho na mwisho. Kati ya vitu hivyo vyote, mtungi mmoja mweusi ulikuwa na nyoka aliyezunguka tumbo la chombo bila kuufikia mkia wake. Ilibaki nafasi, upana wa kidole. Fundi alimwonea huruma. Kazunguka miaka yote hiyo, akawaza, kakosa hapa tu. Akaijaza nafasi kwa plasta, akachonga magamba, akapaka rangi, na mkuu wa makumbusho akashindwa kuona palipozibwa.

Lakini kuna jambo aliliona, akalipita. Udongo ukivunjika, kingo zake huwa na meno. Kingo za nafasi ile zilikuwa laini. Zilipitishwa kidole udongo ukingali mbichi. Mwanagenzi wa mwezi mmoja angelijua hilo.

"Shangazi yangu ni mfinyanzi wa mitungi hii," Kufuli alinong'ona. "Usiondoke. Namleta."

Shangazi alifika saa nne, bibi mfupi mwenye viganja vigumu kama vigae. Hakuugusa mtungi. Aliizunguka meza nzima, akaketi, akajifuta uso.

"Ni wewe uliyeziba?"

"Ni mimi, bibi. Nilidhani pamevunjika."

"Mwanangu, huyo ana nyumba na nyumba ina mlango. Mchana hutoka kutembea, akichoka hurudi. Umempigia lipu akiwa matembezini."

"Kwa hiyo amenikasirikia?"

"Laiti. Mwenye hasira hubembelezwa. Huyu anatafuta pa kulala tu." Akamtazama. "Nyumbani kwako kuna kitu hai ambacho hakijafungika?"

 Mkono wa Fundi ulipanda wenyewe hadi utosini pake.

Sauti ya bibi ikashuka. "Basi fungua, kwa mkono ule ule uliofunga. Akinusa kwake atarudi. Lakini mtungi usipasuke, maana ukipasuka hana tena pa kurudi. Na ufungue kabla hajajifungia huko alikopata. Umemfundisha mwenyewe namna ya kuziba."

Fundi akashika kisu kidogo cha kukwangulia. Hapo ndipo alipolipia ustadi wake, kwa kuwa plasta ile aliichanganya vizuri, akaikausha kwa subira, akaifanya ngumu kama mtungi wenyewe, na sasa ilitoka kwa unga, chembe kwa chembe, naye hakuthubutu kugonga wala kukandamiza, jasho likimchuruzika machoni, maziwa yakimjaa kifuani kwa kuwa saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita, na kila alipopumua aliisikia karakana nzima ikipumua baada yake.

"Ungekuwa fundi mbovu kama wenzako," alisema Kufuli akijaribu kutabasamu, "tungekuwa tumemaliza."

Saa saba kasoro, chembe ya mwisho ilidondoka. Nafasi ikawa wazi, laini, kama alivyoikuta. Wote watatu wakasubiri. Hakuna kilichoingia.

Simu ikaita. Mama mkwe, mwenye furaha tele.

"Mwanangu, nina habari! Nimempaka mafuta sasa hivi. Utosi umekomaa! Mfupa mtupu, mgumu kama jiwe. Miaka yote niliyolea sijaona mtoto wa miezi mitano akakomaa hivi. Na ametulia, halii hata njaa. Nimekusaidia kazi, wewe tulia huko."

Fundi alisema ahsante, mama. Hakuwa na moyo wa kusema lingine.

Fundi alikwenda nyumbani na bibi. Mama mkwe aliwapokea kwa kicheko, akamkabidhi mgeni mtoto. Bibi alimpakata, akakunja kidole, akamgonga kichwani polepole, kama mfinyanzi agongavyo chombo kilichotoka tanurini, akatega sikio. Mtoto alimtazama bila kupepesa. Bibi akagonga tena, upande wa pili.

"Nini, bibi?" aliuliza Fundi. "Niambie. Dawa ipo?"

"Chombo kisicho na mlango hutolewa kilichomo kwa njia moja." Hakuitaja. Alimrudisha mtoto mapajani mwa mama yake, akamfunika miguu vizuri, kwa upole. "Mnyonyeshe."

"Nimnyonyeshe nani?"

Bibi alivaa viatu vyake akaondoka bila kuaga.

Mama mkwe alibaki amesimama na chupa ya mafuta, akitafuta alilokosea. Ndipo mtoto alipolia, kilio kile kile cha siku zote, chembamba, cha njaa, na kabla Fundi hajaamua lolote, maziwa yakamchuruzika yakalowesha blauzi.

Akafungua kifungo.