Mkanda wa Gaju

Siku ya soko Karuba kelele ni nyingi: wauza jibini, mama za maharagi, pikipiki, tunazoziita moto, zinazopiga honi, na sisi wapenda habari tumesimama katikati tukijifanya tunanunua. Katika kelele yote ile Emérita alisikia kwato. Mikono ikamganda juu ya ngozi aliyokuwa akishona. Alivaa kikwembe cha kijani chenye maua na blauzi ya mabega ya kuvimba, mrembo kweli, lakini hakuinua macho. Miaka miwili sasa alikuwa akisikia kwato zile, na kila akiangalia hakuna mtu.

Safari hii alisikia pumzi ya mnyama karibu na sikio lake. Farasi wa kahawia, paji jeupe. Gaju. Alikuwa amesimama mwenyewe mbele ya kibanda cha Emérita, na mgongoni alimbeba kijana mgeni mwenye buti za mpira, jaketi ya ngozi na kofia ya moto.

"Dada, pardon," kijana akasema, akivuta kamba bure. "Huyu farasi iko na kichwa ngumu. Namuambia twende, yeye anasimama."

"Iko na haki. Weye njo haujue mahali pazuri pa kusimama."

"Kumbe anakupenda?"

"Ao amekuchoka."

Tulicheka sote. Kijana akashuka, akasema anaitwa Marcellin, na kwamba Gaju amemnunua kwenye ferme moja ya ng'ombe upande wa Mushaki. Huko hawakumwambia nani alimpanda zamani. Emérita naye hakumwambia. Na sisi, ambao tulijua, kwa mara ya kwanza tangu Karuba iwepo, tulifunga midomo.

Marcellin alifundisha watu kupanda farasi. Si matajiri, wala watalii. Aliwafundisha muuza jibini, muuguzi, pasta, wote ambao moto zao zinalala kwenye matope kila msimu wa mvua. Alipakua video za Wazungu kule Goma, akazieleza kwa sauti yake mwenyewe kwenye WhatsApp. Kilichokosekana ni vifaa, na hapo Emérita akawa fundi wake. Alishona matandiko ya ngozi ya ng'ombe, ndani akaweka sponji ya godoro kuukuu. Hatamu akazisuka kwa kamba laini. Vyuma vya kukanyagia alivikunja Luc, mchomeleaji wa jirani, kwa fer à béton, nondo za kujengea.

Simu zikaanza.

"Chérie, Gaju anakusalimia."

"Mwambie nimesikia. Na weye?"

"Mimi sisalimie. Mimi niko nakufa kwa ajili yako."

"Usiseme vile," Emérita akasema, akakata simu.

Kitu kimoja tu hakukishona: mkanda wa tumbo, ule unaopita chini ya farasi na kushika tandiko lisizunguke. Marcellin alifunga kwa kamba ya nailoni, mpaka siku moja akachoka.

"Umenishonea vyote. Mukanda, juu ya nini hapana?"

"Tafuta fundi mwingine."

"Nimutafute wapi, Paris?"

"Popote. Mikono yangu haishone mukanda tena."

"Juu ya Ngabo?"

Sindano ikaanguka. Kumbe pasta alikuwa amemweleza. Ngabo, mchunga ng'ombe, mchumba wa Emérita, tandiko liligeuka naye kwenye mteremko chini ya Karuba, akapiga kichwa kwenye jiwe, akafa. Gaju akarudi peke yake mpaka hapa kibandani. Na watu, haya, ni sisi, tulisema mkanda aliushona Emérita, na uzi wake ulikatika.

"Nimeelewa," Marcellin akasema. "Farasi iko yake, kibanda iko yake, na weye uko wake. Mimi niko natafuta nini hapa?"

Angemjibu: naogopa uzi wangu utakuua na wewe. Badala yake akainama kuokota sindano. Kesho yake asubuhi Marcellin alifunga kamba yake ya nailoni, akaelekea Buleusa, kule Walikale, ambako wakulima walikuwa wamemwomba masomo.

Wiki tatu zikapita. Ukungu ulishuka mchana, na kwato zikapita ndani yake bila farasi. Ndipo sauti ya Marcellin ikaingia kwenye simu, si kwake peke yake, kwa kundi lote la wanafunzi.

"Sikilizeni. Farasi iko na akili. Ukimufunga mukanda, anajaza tumbo pumzi. Unaona imekaza, kumbe ni upepo. Mutembeze hatua kumi, pumzi itoke, ufunge tena. Sisi huku tunafungaka mara moya, tunapanda. Njo maana tandiko inageuka na muntu, na mukanda iko muzima."

Emérita aliisikiliza mara tisa. Kisha akavua aproni, akaenda kwa Mama Anastasie, mama yake Ngabo. Hakuwa amekanyaga uani pale tangu maziko.

Mkanda wa Ngabo ulining'inia kwenye msumari, kando ya rozari.

"Mama, naweza kuushika?"

"Shika. Ni kazi yako."

Aliupapasa mshono kwa mshono. Hakuna uliokatika.

"Juu ya nini haukuniambia? Watu walisema ni mimi."

"Nilisikia. Nikakungoja ukuye kulia na mimi, siku moya tu. Ungeona mwenyewe."

Emérita akakaa chini sakafuni. "Mama, asubuhi ile alifunga mara moya. Niliona. Na mimi njo nilimuambia, enda mbio, mvula inakuya."

Mama Anastasie aliangalia mlango. Nje mtu alipita na ng'ombe wake.

"Mi pia," akasema, "nilimuambiaka vile kila siku."

Jumatatu Emérita alipanda kilima kutafuta réseau ya simu.

"Allô. Uko nafunga bado na kamba?"

"Bonjour na weye, Emérita."

"Jibu."

"Njo, bado kamba."

"Ukuye Masisi siku ya jeudi. Niko nakuletea mukanda."

"Ya Ngabo?"

"Ya Ngabo iko kwa mama yake. Hii nimeshona yako."

"Na mbele ya jeudi?"

"Mbele ya jeudi utembee na miguu, mupenzi wangu."

Alitembea kweli, siku tatu mpaka Alhamisi, Gaju nyuma yake, matope mpaka magotini. Emérita alimngoja Masisi karibu na kituo cha moto, kikwembe kipya, midomo imepakwa rangi. Hakumkumbatia kwanza. Alimfunga Gaju mkanda kwa mikono yake, akamtembeza hatua kumi. Farasi akashusha pumzi, na Emérita akakaza tena, matundu mawili.

"Nataka kuona baba yako," Marcellin akasema.

"Ningali namusikia Ngabo. Leo pia, kwa njia, alikuwa nyuma yangu. Sijue kama ataacha."

Marcellin aligeuka. Barabara ilikuwa tupu, nyeupe kwa ukungu, na masikio ya Gaju yalielekea huko huko.

"Akae," akasema. "Nyumba yenye kujaa watu hainiogopeshe."

Emérita alishika hatamu, asimwache apande kwanza.

"Basi ukuye dimanche, baba akitoka kanisani. Na ukuye pole pole. Mvula ikikukuta kwa njia, ukuye umelowa."