Kiganja Kwenye Kioo cha Abiria

Siku ile mjinga alikuwa Efrén, na hata yeye mwenyewe habishi. Mwanamume kaambiwa mambo mawili tu na mwanamke anayempenda, kayasahau yote mawili mbele ya kompyuta. Tumwite nani? Profesa?

Aligeuza skrini kwa madaha.

"Ofelia, njoo ulione gari la Don Chema. Hebu litazame!"

Ofelia alikuja na kikombe cha kahawa mkononi. Kwenye picha, gari hilo, Impala ya mwaka sitini na nne, lilikuwa limelala chini, tumbo karibu na lami, kama magari yote ya Los Angeles mashariki yanayopendwa kuliko wake wa wenyewe. Wekundu wake uling'aa kama pipi iliyolambwa. Nyuma yake anga la zambarau. Hakuna doa, hakuna waya wa umeme, hakuna vumbi.

"Mimi niko wapi?"

"Wewe? Hii ni picha ya gari, mpenzi."

"Nilikuomba uniache kwenye bampa. Sura yangu tu, pale kwenye kromu inayoakisi kama kioo. Ukasema sawa."

Efrén akakuna kichwa. Kwa miaka mitatu Ofelia ndiye aliyemshikia taa akipiga picha za magari. Jua likizama, alivaa nyeusi tupu toka kofia hadi viatu, akalizunguka gari polepole akilipaka mwanga ubavuni huku kamera imekodoa jicho bila kupepesa. Nyeusi ilikuwa ya kumficha asionekane kwenye bodi. Akionekana, Efrén alimfuta.

"Mkono umezoea," alijitetea. "Nikiona mtu kwenye kromu, nafuta. Ndiyo kazi, Ofelia. Mshika taa haonekani."

"Na ile alama kwenye kioo cha abiria? Nilikwambia Don Chema hataki iguswe."

"Alama gani? Ule uchafu?"

Ofelia akaweka kikombe mezani.

"Miaka mitatu nakumulikia magari ya watu. Siku moja tu nimeomba nionekane. Efrén, oa gari."

Alichukua koti. Jioni ile alikuwa kwa dada yake, mjini Fresno.

Efrén alijifanya dume. Akaifunga taa kwenye mlingoti wa chuma, akapiga picha peke yake. Lakini taa isiyo na mtu haijui kusita penye mkunjo wa mlango, wala kuharakisha penye kioo. Magari yalitoka yanang'aa kama sahani za dukani: safi, na hakuna mtu aliyewahi kulia chakula humo.

Nyumbani alipasha tortila mbili, vile vikate vyembamba vya mahindi, kwa mazoea, akala moja. Ya pili ilikauka ikimsubiri mwenyewe. Kofia nyeusi ya Ofelia ilibaki msumarini. Alifika mahali akawa anaiaga akitoka na kuisalimu akirudi. Kofia ilinyamaza, ikawa na adabu kuliko yeye.

Alimtumia ujumbe: "Umekula?"

Akalala na simu mkononi.

Siku nyingine: "Taa imeungua."

Hapo simu ikalia. "Nunua nyingine."

"Sisemi balbu, Ofelia."

Akarudi kuisalimu kofia.

Siku ya Wafu, marehemu wanapoandaliwa chakula waje kuonja, ilipokaribia, Don Chema aligonga mlango, picha yake kaikunja kwapani.

"Mwanangu, hili si gari langu."

"Ni lako, Don Chema. Nimelisafisha kidogo tu."

"Hapo ndipo ulipoharibu. Kiganja kiko wapi?"

"Kiganja cha nani?"

"Cha Herminia, mke wangu! Siku nilipompeleka hospitali asirudi tena, aliegemeza mkono kwenye kile kioo akiuangalia mtaa. Tangu hapo, kwa ndani hakijaguswa na kitambaa. Picha hii nilitaka kuiweka kwenye madhabahu yake, ndani ya buti la gari. Sasa akija kuonja mkate wake akute nimempangusa, nimwambie nini?"

"Nilidhani ni uchafu."

"Ofelia hakukwambia? Alitaka kupafuta, nikapiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakabweka."

"Aliniambia."

"Yuko wapi nimuulize?"

"Na yeye nilimfuta."

Don Chema akairudisha picha kwapani. "Kijana, una kipaji."

Mzee alipoondoka, Efrén alifungua picha ya awali, ile isiyoguswa. Kiganja kilikuwepo, vidole vyote vitano. Akashuka kwenye bampa. Pale chini kabisa, mdogo, alisimama Ofelia na taa yake. Kofia ameivua. Nywele ziko wazi, meno nje, anaitazama kamera kama mtu aliyeahidiwa kwamba leo hafutwi.

Efrén alikaa na picha ile mpaka kahawa ikaota ngozi. Kisha akaandika: "Jumapili, bustanini, kwenye gari la Don Chema. Tafadhali."

Jumapili magari yalipangwa yakiwa yamefunguliwa mabuti, ndani maua ya manjano, mishumaa na vyakula walivyovipenda marehemu. Picha mpya, kiganja kikiwemo, ilisimama kati ya mkate na soda ya Herminia.

"Efrén!" akapayuka mshikaji mmoja. "Mbona kuna mwanamke kwenye bampa? Kompyuta imeharibika?"

"Kompyuta nzima. Niliyeharibika ni mimi."

"Hilo tunalijua siku nyingi!"

Wakacheka. Efrén alipogeuka, Ofelia alikuwa nyuma yake, gauni la njano, macho mekundu ya safari. Alinyoosha mkono. Efrén, badala ya kuupokea, akarukia picha.

"Umeona? Nimekurudisha! Pale!"

"Naona. Mdogo kama nzi."

"Bampa lenyewe jembamba! Nikikukuza, kromu inapinda, halafu mwanga wa kulia..."

"Unanifundisha mwanga, Efrén? Mimi?"

"Nakuelewesha picha! Tazama, hata meno sikuyang'arisha, nimekuacha ulivyo..."

Alikuwa bado anaonyesha kwa kidole, amempa mgongo. Mkono wa Ofelia ulianza kushuka taratibu.

Don Chema akaweka mshumaa chini.

"Mwanangu, mimi nimebakiwa na alama ya kiganja. Wewe umeletewa kiganja chenyewe kutoka Fresno, na bado unakipa mgongo uangalie picha?"