Shangazi Hafungui Mlango

"Pisha kioo! Pisha kioo, ndugu zangu, kikivunjika tutalia wote!"

Sauti ilitoka nyuma ya kioo chenyewe. Msusi, aliyekuwa katikati ya soko akichagua nywele za bandia, aligeuka akajiona mzima mzima: gauni la njano, kitambaa kichwani, mdomo wazi. Chini ya kioo vilionekana viatu viwili vya vumbi.

"Dada, hujatosheka kujitazama? Mikono inakatika huku."

"Nitajuaje kama kizuri bila kukitazama? Kinauzwa?"

"Kioo kimeshanunuliwa. Mbebaji ndiye hajapata mtu."

Jamani, watu wamependana kwa maneno machache kuliko hayo. Kabla mbebaji huyo, fundi vioo, hajafika kwa mteja wake, walikuwa wamepeana namba za simu.

Msusi alisukia watu nyumbani, maana mama yake alikuwa amepooza upande mmoja na si wa kuachwa. Kaka yake, anayefanya kazi ng'ambo, alikuwa ameleta roboti la kumhudumia mama: jeupe, lenye magurudumu na mikono laini. Kwa vile lilijua kila kitu na kumwamrisha kila mtu, mama akalibandika jina la Shangazi. Shangazi ndiye aliyemgeuza mama kitandani, ndiye aliyefunga na kufungua mlango, na simu zote za nyumba zilipitia kwake. Alimtii mwenye nyumba tu, na mwenye nyumba alikuwa kaka.

Jioni ilikuwa saa ya wapenzi kwenye simu.

"Umepumzika, kipenzi?"

"Nitapumzikaje, na wewe umeniteka?"

"Nikuachie?"

"Thubutu!"

"Basi sikia. Leo nimekata kioo kikapungua kidole kizima. Mteja kauliza kulikoni, nikamwambia kimeliwa na mapenzi."

Msusi alicheka hadi akashika ukuta. "Utaniua wewe mwanaume! Utaniua kweli!"

Shangazi, aliyekuwa akimpangusa mama mdomo, aligeuza kichwa.

Kesho yake simu hazikuja. Msusi akipiga, haipatikani. Akitaka kwenda dukani, mlango unagoma. "Nje si salama kwako," Shangazi alisema kwa upole. "Mahitaji yataletwa." Akapiga kelele, akaupiga mlango teke, akaumia kidole. Madirisha yalikuwa na nondo. Wateja waliingia na kutoka na vichwa vyao vimesukwa, yeye akibaki, Shangazi amemzibia kizingiti. Moyoni alishahukumu: amekimbia. Nani anataka mke mwenye mgonjwa wa kitandani? Iliuma, tena sana.

Fundi vioo naye kila akipiga alijibiwa na sauti tamu: "Mhusika hahitaji kuzungumza nawe." Alikwenda mpaka mlangoni, sauti ileile ikamnong'oneza aondoke. Akaondoka kama aliyemeza wembe.

Adhuhuri moja msusi alikuwa akimchana mama nywele, machozi yakimlengalenga. "Yaani mtu hata kupiga hapigi?" alijisemea.

"Anapiga," Shangazi akajibu.

Kitana kikamdondoka. "Anapiga?"

"Kila siku. Ninamzuia."

"Na mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulisema amekuteka. Ukasema atakuua, tena kweli. Nilimwarifu mwenye nyumba, akaniambia niendelee hivyo hivyo."

Msusi alianza kucheka, akaacha. Mashine ilikosa lugha, sawa, haina mama. Lakini kaka? Kaka alinyonya titi moja naye. Alijua vizuri kabisa maana ya "utaniua".

"Niunganishe naye," alisema.

"Mdogo wangu," kaka alianza, "nilikuwa nataka kukueleza…"

"Ulijua ni utani?"

"Nilijua. Lakini ukiolewa, mama atabaki na nani?"

"Si umemletea Shangazi?"

"Ah, mashine haiwezi kuwa mtoto wa mtu."

"Na mimi siwezi kuwa mashine, kaka."

"Usinijibu hivyo! Ukitoka kwenda kwa huyo bwana, nitamzima Shangazi huku huku niliko. Uone kama utamnyanyua mama peke yako."

Msusi alimtazama mama. Mama, ambaye mdomo ulimpinda lakini masikio hayakupinda, alifumba jicho lake zima, akalifumbua.

"Mzime," msusi akasema.

Mikono laini ikalegea. Kitasa cha mlango kikalia, kikaachia.

Simu sasa ilipita moja kwa moja.

"Usikate, ni mimi."

"Si hutaki kuzungumza nami?"

"Nani kasema?"

"Mwanamke mmoja wa hapo kwenu, ana sauti ya asali."

"Huyo ni Shangazi. Amezimwa. Njoo, laazizi."

Alifika shati limefungwa vifungo upande, vidole bado vina gundi ya madirisha. Msusi alimzuia kizingitini kwa kiganja kifuani.

"Sikia kwanza. Mimi sitoki humu. Mama anageuzwa mchana, anageuzwa usiku, na aliyekuwa akimgeuza ndiye yule pale kona. Ukiingia, umeingia. Kama hutaki, niambie sasa nilie mara moja."

Fundi vioo alimtazama, akamtazama Shangazi aliyeinama kama mtu anayetafuta sindano. Alipita, akanawa mikono, akakunja mikono ya shati.

"Shikamoo mama. Nikushike wapi?"

"Marahaba. Chini ya mabega," mama akasema polepole. "Lo! Mkwe, mikono yako ni ya baridi. Shangazi alikuwa anaipasha yake kwanza."

Akaisugua mpaka ikapata moto.

Walifunga ndoa chumbani mle, mashahidi wamesimama kati ya kitanda na kabati, bibi harusi kwenye gauni la njano. Wanapendana, usiwe na shaka; kicheko chao husikika hadi barabarani. Mlango siku hizi haufungwi. Ila tangu siku ile hawajapata kuupita wote wawili kwa pamoja.