Sharubu za Mbwamwitu

"Wendell, nani amekugusa mdomo?"

"Hakuna mtu, mpenzi. Nimekula tu."

"Umekula nini? Mimi nilikuachia supu na mrija."

Mbwamwitu mzima, kucha ndefu, meno ya plastiki, ananiangalia kama mtoto aliyevunja kikombe.

Tulikuwa kwenye gereji ya baba yangu, hapa Youngstown, Ohio, siku ya mwisho ya kupiga filamu yetu ya kuchekesha. Inamhusu mbwamwitu anayepiga chafya kwa sababu manyoya yake mwenyewe yanamdhuru. Wendell ndiye mbwamwitu. Mimi, Bernadette, ndiye niliyekuwa nikimbandika manyoya hayo kwa muda wa saa tatu kila asubuhi. Na keshokutwa, Jumamosi, alikuwa anioe. Mama na shangazi zangu walikuwa wameshaoka biskuti elfu mbili za meza ya harusi, kama ilivyo desturi ya huku kwetu.

Sasa sikia. Manyoya hubandikwa kama unavyoezeka nyumba kwa nyasi: unaanzia chini, kidevuni, unapanda. Asubuhi nilifanya hivyo. Lakini sharubu nilizokuwa naziona mchana huu zilibandikwa kuanzia juu. Mkono ule haukuwa wangu.

"Labda ni upepo," akasema.

"Upepo wa Ohio umeanza lini kutumia gundi?"

Gus, mwongozaji wetu, akapaza sauti. "Jamani, jua linatukimbia! Kendra yuko wapi?"

Kendra ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na ndiye angekuwa mpambe wangu. Kwenye filamu aliigiza binti anayekimbizwa. Akaingia mbio, mikono mfukoni.

"Shoga, nipe mkono."

"Wa nini, Bernie?"

"Nipe, nimesema!"

Alipoutoa, vidole viwili vilikuwa vimegandana kwa gundi, na katikati yake manyoya ya kahawia. Moyo ulinipasuka, sikufichi.

"Gus, kwenye hadithi yako mbwamwitu anambusu nani?"

"Hambusu mtu. Akimsogelea binti tu, chafya."

Kisha naye akaviona vile vidole. Akaishusha kamera.

"Tangu lini, Kendra?" nikauliza.

"Tangu Agosti." Machozi yakamtoka. "Bernie, nilitaka kukwambia..."

"Lini? Ukiwa umenishikia shada kanisani?"

Wendell akapiga magoti. "Shetani alinipitia, mpenzi! Nakupenda wewe!" Meno ya plastiki yakamdondoka sakafuni. Siku nyingine ningecheka mpaka mbavu ziniume.

Nikakusanya brashi zangu, gundi yangu, na chupa ya mafuta, ambayo ndiyo pekee inayong'oa gundi ile bila kuondoka na ngozi. Nikawasha gari.

"Mama, acheni kuoka," nikasema kwenye simu.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna harusi."

Akavuta pumzi. "Njoo nyumbani. Biskuti tutazila wenyewe."

Nilikuwa kwenye biskuti ya kumi na moja, kamasi na machozi havitofautiani, meseji ya Wendell ilipoingia.

"Bernie, gundi haitoki. Uso unawaka moto. Tafadhali niletee mafuta."

Ikafuata nyingine.

"Kesho nina kazi. Nitaendaje hivi?"

Nikafuta vidole kwenye aproni ya mama, nikaandika:

"Mwambie aliyebandika abandue."